Nyusi nene zinapunguza miaka usoni, zitunze kabla hujazimaliza kwa wembe na piko

Mwanza. Kuanzia Kirumba hadi Igoma ni vigumu kumaliza mtaa bila kukuta saluni, na kwenye nyingi kati ya hizo kutinda nyusi ni kazi ya dakika chache tu, kati ya kusuka na kupaka rangi kucha. Mteja anakaa, anaegemeza kichwa, wembe unapita, anainuka na mistari miwili myembamba kama uzi. Anajiona amependeza, na huenda kweli kapendeza. Ila kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: nyusi zikipungua sana, uso unaonekana mkubwa kuliko umri wa mwenyewe.

Hili si neno la wapambaji wa maharusi peke yao. Limepimwa na wanasayansi.

Kwa nini nyusi zinataja umri

Mwaka 2017 jarida la Frontiers in Psychology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Aurélie Porcheron wa Ufaransa, akiwa na wenzake akiwemo mwanasaikolojia Richard Russell wa Chuo cha Gettysburg, Marekani. Walipima picha za wanawake wa makundi manne: weupe wa Ufaransa, Wachina, wa Amerika ya Kilatini na weusi wa Afrika Kusini, wenye umri wa kuanzia miaka 20 hadi 80.

Walichokuwa wanakitafuta ni tofauti ya rangi kati ya ngozi na sehemu zinazojitokeza usoni, yaani macho, midomo na nyusi. Wakakuta mambo kadhaa ya tofauti hiyo yanafifia umri unavyosogea, na yanafifia katika makundi yote manne. Kisha wakachukua sura zile zile, wakatengeneza picha mbili za kila moja: moja tofauti ya rangi imeongezwa, nyingine imepunguzwa. Watu walioulizwa ipi ni ya kijana zaidi walichagua ile yenye tofauti kubwa karibu mara 8 katika kila 10.

Tuweke wazi jambo moja: baadhi ya watafiti hao walikuwa waajiriwa wa Chanel, kampuni inayouza vipodozi. Kwa hiyo usikimbilie dukani kwa sababu ya utafiti huu. Bahati nzuri, ukiusoma vizuri, hauhitaji kununua kitu. Nyusi zako mwenyewe, kama zipo, tayari zinafanya hiyo kazi bure.

Nyusi huanza kupungua taratibu mtu anapoingia utu uzima. Vinyweleo vinakuwa vichache, hasa upande wa nje karibu na sikio, na baadhi vinaota mvi. Ubongo wa anayekutazama haupigi hesabu, unaona tu uso uliofifia. Sasa ukizinyoa ukiwa na miaka 25 zikabaki uzi, unajipa mwenyewe dalili ambayo umri ungekuletea baadaye.

Wanaume wao wana habari tofauti kidogo. Wengi wao wakizeeka nyusi hurefuka na kuchanuka kama za babu anayelinda geti, kwa hiyo kwao dawa huwa ni mkasi mdogo tu.

Siyo unene tu, hata umbo

Wapo wanaoamini nyusi zikiinuliwa juu kama upinde ndiyo ujana. Madaktari wa upasuaji wa uso waliolinganisha picha za wanawake wa rika tofauti wamekuta karibu kinyume chake: sehemu ya ndani na ya katikati ya nyusi mara nyingi hupanda umri ukienda, kwa sababu misuli ya paji la uso inafanya kazi zaidi kuinua kope zinazolegea. Uso wa binti wa miaka 20 kwa kawaida una nyusi zilizokaa chini kidogo, nene, zisizo na kona kali.

Ndiyo maana upinde mwembamba uliochorwa juu kabisa unamfanya mtu aonekane kama ameshtuka muda wote.

Zinavyokufa

Hapa wengi huchanganya mambo. Kunyoa kwa wembe hakuui nywele, kwa sababu wembe unakata juu ya ngozi na shina linabaki chini. Na hakuzifanyi ziote nene zaidi, hiyo ni imani tu. Ncha iliyokatwa inakuwa butu, basi ukiigusa unahisi ngumu. Hatari ya wembe ni nyingine: damu. Wembe mmoja ukipita kwa wateja wawili unaweza kuhamisha homa ya ini na virusi vya Ukimwi hata kwa mchubuko usiouona. Nenda na wako, au hakikisha unafunguliwa mbele ya macho yako. Anayenuna kwa kuombwa hivyo, mwache.

Kinachoua nyusi ni kuzing'oa, iwe kwa uzi au kwa kibanio, tena na tena kwenye sehemu ile ile kwa miaka. Shina linachoka, linatoa unywele mwembamba, mwishowe halitoi kitu. Wanawake wengi waliong'oa sana miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, nyusi za uzi zilipokuwa fasheni, leo mitindo ya nyusi nene imerudi na wao hawana cha kurudisha.

Ambaye mashina yake bado yako hai anahitaji uvumilivu tu. Unywele wa kichwani unaweza kukua kwa miaka kadhaa kabla ya kudondoka, lakini wa nyusi hukua kwa wiki chache kisha unapumzika. Nyusi zilizonyolewa zote kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi sita kurudi sawasawa. Kipindi kibaya ni cha katikati, zinapoota hovyo hovyo na mkono unawasha kuzishika. Hapo ndipo wengi wanarudi saluni na kuanza upya. Ondoa zile zilizoko chini kabisa karibu na kope tu, juu usiguse.

Ukitaka kuchora, chora hivi

Wanja wa penseli unatosha. Kaa mlangoni kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya chumbani, maana taa inadanganya. Simamisha penseli pembeni ya pua: inapogusa nyusi juu ndipo mwanzo. Kisha iegemeze kutoka tundu la pua ipite kona ya nje ya jicho: inapoishia ndipo mwisho. Mkia usishuke chini kuliko mwanzo, ukishuka unavuta uso mzima chini.

Usichore mstari mmoja mrefu. Piga vistari vifupi vifupi kufuata nywele zinakoelekea, ujaze mapengo tu, na mwanzo karibu na pua uache mwepesi. Halafu pitisha kiburashi safi, hata kile cha maskara iliyoisha ukikiosha kwa sabuni kinafaa. Rangi ya kahawia iliyokoza hukaa vizuri kwa wengi kuliko nyeusi tii, ambayo kwenye picha ya simu inaonekana kama stika.

Na joto la saa nane mchana halina huruma. Anayevuka na kivuko cha Kamanga au anayeshinda sokoni Mwaloni anajua wanja unavyotiririka. Poda kidogo juu ya nyusi inausaidia kushika, na ni vizuri kuacha kuufuta uso, ukaugusa taratibu kwa kitambaa.

Angalizo kwa wanaotumia wanja wa manga wa unga: baadhi yake hutengenezwa kwa madini yenye risasi, ambayo ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi. Kumpaka mtoto mchanga nyusi ili ziote nzuri ni desturi inayopaswa kuachwa.

Piko hapana

Njia iliyoshika kasi ni kupaka piko au rangi ya nywele kwenye nyusi ili zikae nyeusi siku kadhaa bila kuchora. Inaonekana rahisi, na matokeo yake ni mazuri kwa macho. Shida iko ndani ya kopo. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayofupishwa PPD, na kuna watu miili yao haiipatani nayo kabisa. Mtu anaweza kupaka mara tatu salama, ya nne akaamka uso umevimba na macho hayafunguki.

Historia yake ni chungu. Mwaka 1933 nchini Marekani rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya aina hiyo, iliwaumiza wanawake kadhaa macho, wapo waliopofuka na mmoja akafariki. Ni moja ya matukio yaliyosukuma nchi hiyo kutunga sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938. Mpaka leo paketi nyingi za rangi ya nywele zimeandikwa usipake kwenye nyusi wala kope. Maandishi ni madogo, lakini yapo.

Tanzania nako vipodozi vya macho vimewahi kufika hadi bungeni. Septemba 2018 aliyekuwa Spika, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge kuingia ukumbini Dodoma wakiwa na kope na kucha za bandia, baada ya hoja ya madhara ya kiafya kujadiliwa. Nyusi hazikutajwa. Usajili wa vipodozi tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho ya matumizi ni ya kuiacha hapo hapo mezani.

Vipi kuhusu mafuta ya nyonyo? Hakuna ushahidi wa nguvu kwamba yanaotesha nywele mahali shina limekufa. Yanachofanya ni kuzilaza na kuzing'arisha, nazo zinaonekana nyingi. Kwa bei yake, si haba. Yasiingie jichoni.

Zikidondoka zenyewe

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Kuna watu hawajawahi kushika wembe wala uzi na bado nyusi zinaisha, hasa theluthi ya nje. Wanachora wanja juu ya pengo, maisha yanaendelea, na ugonjwa nao unaendelea chini yake.

Sababu moja ni tezi ya shingoni kufanya kazi chini ya kiwango. Dalili zinazokuja nayo ni uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine wanalalamika joto, kunenepa na ngozi kukauka. Kipimo chake ni cha damu, na dawa ni vidonge.

Nyingine ni ukoma. Bado upo nchini, ingawa wengi wanauona ni ugonjwa wa hadithi za zamani. Nyusi hunyonyoka kuanzia nje, na mara nyingi kuna mabaka kwenye ngozi ambayo ukiyagusa au kuyachoma kidogo huhisi kitu. Dawa hutolewa bure, matibabu huchukua miezi 6 au 12, na mtu akianza mapema anapona kabla ya kupata ulemavu. Akichelewa, mishipa ya fahamu iliyoharibika hairudi.

Kwa dalili kama hizi anza na zahanati au kituo cha afya cha karibu, nao watakupa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando ikihitajika. Siku hiyo nenda bila wanja, daktari aone nyusi zenyewe.

Wapo pia wanaopoteza nyusi kwa sababu ya dawa za saratani, wakiwemo wanaotibiwa Bugando kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kwa wengi wao nyusi huanza kurudi ndani ya miezi michache baada ya matibabu kuisha. Wakati wakisubiri, penseli ya kahawia na vile vistari vifupi vinafaa, bila piko, bila tatuu wala sindano yoyote ya kuchora, kwa kuwa mwili uliodhoofishwa na dawa hizo hauna nguvu ya kupambana na maambukizi. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya penseli amuulize kwanza daktari anayemtibu.