Laana ya Nani?



Juma hili tunawaalika tutafakari historia ya mwanamke mmoja wa Afrika Mashariki, Anne Wafula Strike. Alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Mihuu, magharibi mwa Kenya. Kabla hajatimiza miaka mitatu aliugua polio, na miguu yake ikapooza. Majirani hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni laana ya nani. Familia ikalazimika kuhama.

Ndilo swali ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa: nani aliyetenda dhambi? Bwana alilikataa swali hilo. Sayansi nayo inalikataa, kwa maana polio huletwa na kirusi, na chanjo ya kukizuia ilianza kutumika duniani mwaka 1955.

Baba yake, aliyekuwa askari, hakumficha ndani, alimpeleka shule. Anne akasoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Mwaka 2000 alihamia Uingereza, na huko ndiko alikoanza mbio za kiti cha magurudumu. Kiti hicho ni chepesi, kina magurudumu matatu, nacho huenda kwa nguvu ya mikono peke yake. Mwaka 2004, katika Michezo ya Paralimpiki ya Athens, aliiwakilisha Kenya. Hutajwa kuwa mkimbiaji wa kwanza wa mbio hizo kutoka Afrika Mashariki. Baadaye alipata uraia wa Uingereza na kushindania taifa hilo, na mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya MBE.

Historia hii si ya mbali nasi. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na kirusi cha asili cha polio. Februari 2022 kikagunduliwa tena kwa mtoto nchini Malawi, ng'ambo tu ya Ileje. Mwezi uliofuata watoto wa Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma walipewa matone ya chanjo. Kirusi hakisimami mpakani kugongewa muhuri.

Lakini chanjo haiponyi ulimi wa jirani. Katika kuzitembelea jumuiya ndogo ndogo, tumekuta watoto walemavu wakiwekwa chumba cha nyuma wageni wafikapo. Nasi tunakiri kosa letu: mara nyingine tuliwabariki watoto hao, tukaaga, wala hatukuuliza wanasoma wapi.

Basi tuwaombe wazazi: watoeni nje watoto hao, waleteni kanisani, waandikisheni shule. Nanyi viongozi wa jumuiya, ulizeni jambo hili kabla ya kuuliza michango. Asiwepo Tunduma mtoto atakayehama kwa sababu ya maneno yetu.

Mungu awabariki.