Jiwe la Figo Lenye Matawi: Ukimya Wake Usitudanganye

Si kila jiwe la figo humtia mgonjwa maumivu makali. Lipo linalokua kimyakimya hadi likajaza uwazi wa ndani ya figo na kuchipua matawi, likafanana na kipande cha tangawizi. Jiwe dogo huumiza sana linaposhuka na kuziba mrija wa mkojo. Hili kubwa halishuki, na hivyo huweza kuiharibu figo bila mwenyewe kutambua.

Mara nyingi chanzo chake ni maambukizi ya njia ya mkojo, yaani UTI, nao wanawake hupatwa zaidi. Bakteria kama Proteus huvunja urea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza asidi yake, na chumvi za magnesiamu na fosfati huganda tabaka juu ya tabaka. Bakteria hao hujificha ndani ya jiwe, mahali ambapo dawa haiwafikii vyema. Hivyo basi, mtu ambaye UTI humrudia mara kwa mara asiridhike na kununua vidonge vilevile dukani. Aende hospitali, mkojo wake uoteshwe maabara ili bakteria wajulikane, na figo zipigwe picha ya ultrasaundi.

Tiba kamili ni kuliondoa jiwe lote. Njia inayotumika zaidi, iliyoelezwa na madaktari wa Sweden mwaka 1976, ni kutoboa tundu la takriban sentimita 1 mgongoni, kuingiza kifaa hadi ndani ya figo, kulivunja jiwe na kutoa vipande vyake. Kipande kinachobaki huweza kuwa mbegu ya jiwe jipya. Mgonjwa akichelewa mno, figo hufa na huenda ikalazimu kuitoa.

Baada ya tiba, mgonjwa apimwe mkojo na kupigwa picha kama atakavyopangiwa. Anywe maji ya kutosha kutoa mkojo usiopungua lita 2.5 kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kiwango kingine kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au figo.

Mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi yakiingia katika damu huweza kuua, na hakuna dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuyeyusha jiwe la namna hii.