Kabla ya Bati Kulikuwa na Mwembe

Panda daladala lolote Dar es Salaam umsikilize konda anavyoita vituo: Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni. Utadhani anauza miche. Sasa shuka uutafute huo mkwaju wenyewe. Ukiuona, bahati yako.

Mimi nasema majina hayo ndiyo historia ya vituo vyetu, ila hatuisomi. Kabla fundi hajachomelea kibanda cha kwanza, abiria alisubiri chini ya mti. Mti mkubwa unaonekana kwa mbali, una kivuli, muuza chai kishaweka birika lake pale. Dereva asimame wapi tena, kama si pale walipo watu?

Enzi za Mwingereza mabasi ya mjini yalikuwa ya kampuni ya DMT. Ikataifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA. Mji ukakua, mabasi yakachakaa, vipuri havipatikani. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa rasmi kubeba abiria, nauli shilingi tano, yaani dala, na ndiyo asili ya jina daladala. Mwaka 2016 yakaja mabasi ya mwendokasi. Vituo vyake navyo vikarithi majina yale yale, Mwembechai na Mkwajuni. Jina likahamia kwenye kibao, mti ukabaki hadithi.

Si kwamba namchukia fundi wa bati. Mvua ya masika ikishuka, nani asiyekimbilia kibanda? Lakini kwenye jua, bwana, bati lina mambo yake. Likishapata kutu hunywa joto tangu asubuhi, halafu linakutemea wewe uliye chini yake. Hakuna dari, hakuna nafasi ya hewa kupita kati, ni bati na utosi wako. Jani la mti halifanyi hivyo. Mti hufyonza maji ardhini na kuyatoa majanini kama mvuke, na mvuke ule huondoka na joto. Ni kazi ile ile ya mtungi wa bibi: unatoa jasho, maji ya ndani yanapoa.

Tena kuna suala la jua lenyewe. Dar jua hutua utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita mchana, kibanda kinafanya kazi. Lakini saa nne asubuhi au saa kumi jioni jua linaingia kwa ubavu, na kivuli cha paa jembamba kinaangukia mtaroni. Abiria wanaungua, mtaro umepumzika.

Wazee wa pwani hawakuhitaji kufundishwa haya. Tazama baraza la nyumba ya Kiswahili: paa limeteremka mbele kuzuia jua la ubavuni, pembeni pako wazi upepo upite, na makuti hayashiki joto kama chuma. Sisi tukachukua kibanda, nyuma tukaziba kwa bango la tangazo. Kaskazi ikivuma toka baharini inagonga tangazo, inarudi zake. Wenzetu wa Dubai wamefunga vituo kwa vioo wakatia kiyoyozi. Haya, wana umeme wao. Sisi hata rangi nyeupe juu ya bati, ambayo ingerudisha sehemu kubwa ya jua, hatujapaka.

Yaliyonifanya nishike kalamu ni ya mama mdogo. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mwezi wa pili, kiangazi chenyewe. Kituo sikitaji. Kulikuwa na mwarobaini hapo, ukakatwa, pakawekwa kibanda kizuri chenye benchi la chuma. Benchi halikaliki, linachoma. Akasimama. Daladala tatu zikapita zimejaa. Ya nne ilipofika alikuwa chini, mpita njia anampepea kwa gazeti. Mtoto alizaliwa salama, tunashukuru, na sasa yuko darasa la pili.

Juzi nilipita pale saa tisa mchana. Kibandani hapakuwa na mtu hata mmoja. Abiria wote walikuwa ng'ambo ya mtaro, wamejibana kwenye kivuli cha mwembe uliochungulia juu ya ukuta wa nyumba ya watu. Basi likitokea wanaruka mtaro mbio, konda anawatukana: "Nyie! Kituo hamkioni?"