Kano za bega zilizoumia huponywa kwa kusogezwa

MAUMIVU ya bega humzuia mchukuzi kubeba mzigo, fundi kuinua nyundo na mama kulala kwa ubavu. Wengi huufunga mkono kwa kitambaa wakingoja upone. Kuupumzisha siku chache hakudhuru. Kuulaza kwa wiki kadhaa hudhoofisha misuli na kukakamaza kiungo.

Bega hushikiliwa na misuli minne. Kano zake, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mfupa, hukumbatia kichwa cha mfupa wa mkono. Kano hupona polepole, na hupata nguvu zikitumiwa kwa kiasi kinachoongezwa hatua kwa hatua.

Zoezi la awali huhusishwa na daktari Ernest Codman wa Boston, Marekani, aliyechapisha kitabu kuhusu bega mwaka wa 1934. Mgonjwa huinama akiegemea meza kwa mkono mzima, huacha ule unaouma uning'inie, kisha huubembeza taratibu. Akipata nafuu, hupandisha vidole ukutani, na baadaye huvuta utepe wa mpira au kuinua chupa ya maji. Maumivu madogo yanayotulia upesi si hatari. Yakizidi hadi siku ya pili, apunguze kiwango.

Tiba hii haihitaji fedha nyingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2021 uliwahusisha wagonjwa 708 wenye matatizo ya kano za bega. Waliomwona mtaalamu wa viungo mara moja, wakafundishwa mazoezi ya nyumbani, walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliomwona hadi mara sita. Siri ni kudumu katika mazoezi kwa wiki nyingi.

Wanaozingatia afya ya mwili mzima hutazama pia mambo yaliyo nje ya bega: usingizi, uvutaji sigara, namna ya kufanya kazi na kisukari, ambacho huambatana mara nyingi na maradhi ya bega. Kuchuliwa huweza kutuliza maumivu kwa muda, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi.

Hata hivyo, aliyeanguka akashindwa kuinua mkono, mwenye bega lililopinda, au lililovimba pamoja na homa, aende hospitali bila kukawia. Maumivu ya bega yanayoandamana na kubanwa kifua huenda yakatoka moyoni.