Mwalimu wa Yoga: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Brit Marling, msomi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ameikataa kazi aliyopewa na Goldman Sachs. Amekwenda Kuba na rafiki yake Mike Cahill, wakatengeneza filamu ya makala, Boxers and Ballerinas. Sasa yuko Los Angeles anatafuta nafasi ya kuigiza, na filamu za kutisha zimeanza kumwita. SASA ENDELEA…

Akakataa.

Nafasi zenyewe zilikuwa zilezile: msichana anapiga mayowe, anakimbia, anauawa. Kwa mwigizaji asiye na jina hiyo ndiyo ngazi ya kwanza, na wengi wenye vipaji wameipanda huku wameuma meno, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Siwalaumu hata kidogo. Lakini Brit hakuiacha benki ili aje kufa kila wiki mbele ya kamera.

Basi akaanza kuandika. Kama hakuna anayemwandikia mwanamke mwenye akili, majuto na maswali, atamwandika mwenyewe, kisha amwigize. Akakaa na Zal Batmanglij, rafiki mwingine wa chuoni, wakaandika Sound of My Voice. Akakaa na Cahill, wakaandika Another Earth. Katika skripti zote mbili, nafasi yake imo.

Another Earth ni kisa cha Rhoda, binti wa miaka 17 aliyekubaliwa kujiunga na MIT. Usiku mmoja anaendesha gari amelewa, macho yako angani, anaitafuta sayari mpya iliyoonekana, pacha wa dunia yetu. Anagonga gari lingine. Mama na mtoto wake wanakufa. Rhoda anafungwa miaka minne.

Fedha ya kushuti kisa kizito namna hiyo hawakuwa nayo. Cahill akairudisha kazi kwao, New Haven, Connecticut. Nyumba aliyokulia ikawa nyumba ya kina Rhoda, na chumba chake cha utotoni kikawa chumba cha Rhoda. Kamera akaishika mwenyewe. Hata ile ajali iliwezekana kwa kujuana: polisi mmoja aliyefahamiana naye aliwafungia kipande cha barabara usiku, wakashuti.

Kikabaki kipande kimoja. Rhoda anamaliza kifungo, anatoka jela. Kwenye skrini ni kitambo kifupi tu, lakini mtazamaji asipouona mlango ule, miaka minne yote itakuwa maneno matupu. Sebule huazimwa, barabara hufungwa kwa fadhila ya rafiki. Gereza je?

Wazo walilolipata hadi leo linanisisimua mwili. Brit ataingia kwenye gereza la kweli, kwa miguu yake, akijifanya mwalimu wa yoga. Kisha atageuka na kutoka, na kamera itamnasa. Askari magereza hawatakuwa waigizaji. Akiulizwa swali moja la ziada, ni nani aliyemwita, anakuja kumfundisha nani, hana skripti ya kumwokoa.

Akaelekea langoni. Mwendo wa mtu aliyezoea kuja kazini. Akajitambulisha: mwalimu wa yoga.

Akapita. Akaingia ndani.

Ila filamu haikumhitaji mtu anayeingia. Ilimhitaji anayetoka.

Je, Brit atatoka kabla askari hawajamshtukia? ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.