Kanisa la Dexter: Jengo dogo lililoitikisa Montgomery

KANISA la Kibaptisti la Dexter Avenue, katika jiji la Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, ni jengo dogo la matofali mekundu lililo hatua chache tu kutoka jengo la bunge la jimbo hilo. Linafahamika zaidi kwa sababu Dkt Martin Luther King Jr alikuwa mchungaji wake kuanzia 1954 hadi 1960. Hata hivyo, kazi yake miongoni mwa watu weusi ilianza muda mrefu kabla ya hapo.

Kanisa hilo liliasisiwa mwaka wa 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Waumini wa kwanza walikutania katika nyumba ambamo zamani watumwa walizuiliwa wakisubiri kuuzwa. Mnamo 1879 walinunua kiwanja kwa dola 270, na ibada ya kwanza katika jengo jipya ikafanyika 1889.

Kabla ya ujenzi kukamilika, orofa ya chini ilikuwa tayari imegeuzwa darasa. Mnamo 1887 wanafunzi wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Alabama State waliandikishwa humo. Uhusiano huo ulilifanya kanisa kuwa la walimu na wasomi, kiasi cha wenyeji kuliona kama kanisa la wakubwa.

Mchungaji Vernon Johns, aliyelihudumia hadi 1952, aliupinga waziwazi unyonge wa waumini wake mbele ya ubaguzi wa rangi. Aliwahimiza pia kujitegemea kiuchumi, na yeye mwenyewe akawa anauza mazao ya shambani, jambo lililowaudhi baadhi yao.

Dkt King alipochukua usukani, aliunda kamati ya masuala ya jamii na siasa. Kila muumini alitakiwa kujisajili kuwa mpigakura na kujiunga na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP.

Matunda ya maandalizi hayo yalionekana Desemba 1, 1955, Bi Rosa Parks alipokamatwa kwa kukataa kumpisha abiria mzungu katika basi. Usiku huohuo, Bi Jo Ann Robinson, muumini wa Dexter na mhadhiri wa Alabama State, alichapisha maelfu ya vijikaratasi vya kuwataka watu weusi wasipande mabasi. Jioni iliyofuata, viongozi walikutana katika orofa ya chini ya Dexter na kuunga mkono mgomo. Mkutano mkuu wa Desemba 5 ulifanyika katika kanisa jingine la Kibaptisti, Holt Street, lililokuwa kubwa zaidi.

Mgomo uliendelea kwa siku 381. Nyumba ya mchungaji ililipuliwa kwa bomu Januari 30, 1956, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, lakini hakuna aliyejeruhiwa. Mabasi yaliacha kutenga viti kwa misingi ya rangi mnamo Desemba 1956, kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu.

Waumini walimu walikuwa hatarini zaidi, kwani mshahara wao ulitoka kwa serikali ileile waliyoipinga. Bi Robinson aliondoka chuoni 1960, wakati serikali ya jimbo ilipokuwa ikiwaandama wahadhiri wanaharakati.

Mkono wa Dexter ulifika hata Kenya. Mnamo 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta ufadhili kwa vijana waliotaka kusomea Marekani, alimwomba Dkt King amsaidie mwanafunzi mmoja Mkenya aliyenuia kujiunga na chuo cha Tuskegee, Alabama. King alikubali, akitegemea michango ya kanisa lake na mashirika mawili aliyoyaongoza. Hivyo, waumini waliokuwa bado wakibaguliwa kwao walimchangia karo kijana wa nchi iliyokuwa ingali chini ya mkoloni.

Dexter lilitambuliwa kuwa turathi ya kitaifa ya kihistoria mnamo 1974, na mnamo 1978 jina la King likaongezwa kwa lile la awali. Nyumba iliyolipuliwa ilifunguliwa kuwa makumbusho 2003.