Mto katika Fasihi na Maisha ya Watu

Mto ni maji yanayotiririka katika mkondo wake kutoka chanzo hadi yanapoishia, iwe baharini, ziwani au kwenye mto mwingine. Maelezo hayo yanamtosha mwanajiografia. Msomaji wa fasihi anahitaji zaidi, kwa kuwa katika hadithi, tenzi na tamthilia mto huwa mlezi, mpaka, njia au makazi ya mizimu. Maana hizo hazikuzuka vichwani mwa watunzi tu. Zimetokana na kazi ambayo kila mto uliwafanyia watu wake, na ndiyo sababu Nile ya wakulima wa Misri haisemi yale yanayosemwa na mto Kongo wa wafanyabiashara wa pembe.

Mto unaolisha

Misri ya kale ilipata mvua kidogo mno, lakini kila mwaka, kuanzia Juni hadi Septemba, maji ya mvua za nyanda za juu za Ethiopia yaliifurisha Nile na kuacha tope lenye rutuba. Kalenda ya Wamisri ilifuata mto: msimu wa mafuriko, msimu wa mimea kuota, msimu wa mavuno. Hapi, mungu wa mafuriko, alichorwa akiwa na kitambi na matiti yaliyojaa, ishara za shibe, naye alitungiwa nyimbo za sifa. Mafuriko yakipungua ilikuwa njaa, yakizidi vijiji vilizama. Basi sifa za Hapi zilikuwa pia maombi ya watu wasiojua mwaka huu mto utawapa kiasi gani.

Rufiji ulifanya kazi iliyokaribiana na hiyo. Mto huu mkubwa kuliko yote iliyomo ndani ya Tanzania huanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, hupokea Ruaha Mkuu, kisha hujigawa katika delta yenye mikoko mbele ya kisiwa cha Mafia. Bondeni, mpunga hupandwa mvua zinapoanza, nao hukua pamoja na maji yanayopanda. Maji yakishuka, mahindi na kunde hupandwa kwenye udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Wakulima walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa humo kulinda mazao dhidi ya wanyama huku maji yakipita chini yao. Serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ardhi iliyoinuka mwishoni mwa miaka ya 1960 ili kuwaepusha na mafuriko, wengi waliendelea kurudi mashambani. Kwao mafuriko hayakuwa maafa matupu, kwa sababu ndiyo yaliyorutubisha shamba.

Mto unaotenga

Mto usio na daraja ni mpaka, na kuuvuka ni kubadili hali. Katika Biblia, Waisraeli wanaingia nchi ya ahadi kwa kuvuka Yordani, na katika mto huohuo Yesu anabatizwa kabla ya kuanza kazi yake. Wagiriki wa kale waliweka mto Styx kati ya walio hai na wafu. Methali ya Kiswahili inayomwonya mtu asimtukane mamba kabla hajavuka mto inatoka kwenye hali hiyohiyo, ila yenyewe inazungumza na msafiri mwenye miguu majini: ng'ambo bado haijafikiwa, na mwenye mto yupo.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliupa mpaka huo uzito wa kisiasa katika riwaya yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1965, ambamo mto Honia unapita kati ya miinuko ya Kameno na Makuyu. Upande mmoja unashikilia mila za Wagikuyu, wa pili umeelekea Ukristo, na mhusika mkuu, Waiyaki, anajaribu kuunganisha kingo mbili zisizotaka kuungana. Hata hivyo, wote hunywa maji ya mto uleule. Hapo ndipo penye utata: kinachowatenga ndicho pia wanachokimiliki pamoja.

Mto kama njia

Palipo na msitu mnene, mto ndio barabara. Mto Kongo, wenye urefu wa kilomita 4,700 hivi, umeandikwa na watu wawili walioupitia katika kizazi kimoja. Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1876 alimsindikiza mpelelezi Stanley sehemu ya safari ya kushuka Lualaba kutoka Nyangwe, na mwaka 1887 aliteuliwa kuwa gavana kwenye maporomoko yaliyo karibu na Kisangani ya leo. Katika masimulizi yake nchi za mto huo zina watawala, bei, madeni na vita. Pembe za ndovu na watumwa ni mali ya kuhesabiwa. Wa pili ni Joseph Conrad, aliyepanda mto huo kwa meli ya mvuke mwaka 1890 na kutoa hadithi yake mwaka 1899. Kwake, kupanda mto ni kuingia gizani na kurudi kwenye mwanzo wa dunia. Mwaka 1975 Chinua Achebe alimshutumu vikali kwa kuwafanya Waafrika kuwa mandhari tu ya dhiki ya Mzungu. Ukiyaweka maandishi hayo mawili pamoja, unaona kuwa giza halikuwa la mto. Mmoja aliwajua wenyeji kwa majina, japo kwa biashara ya kikatili. Wa pili aliwaona kutoka sitahani.

Mark Twain naye, katika riwaya ya Huckleberry Finn, anamweka Jim, mtumwa mtoro, juu ya chelezo katika Mississippi. Majini ana uhuru kiasi ambao nchi kavu haimpi, lakini mkondo unampeleka kusini, ndani zaidi ya nchi ya utumwa.

Mto wenye mizimu

Bonde la Rufiji ndilo lililoipa fasihi ya Kiswahili mto wake mashuhuri kuliko yote. Mwaka 1905, watu wa kusini mashariki mwa Tanganyika walikuwa wakilazimishwa na Wajerumani kulima pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisemekana kushikwa na pepo, akazama majini na kuibuka mkavu. Dawa aliyogawa ilikuwa maji, nayo iliaminiwa kuwa ingegeuza risasi kuwa maji. Dawa hiyo ilipata nguvu kwa sababu maji ya mto yalikuwa tayari mahali pa kuomba mvua, rutuba na kinga, na mahujaji wa makabila mbalimbali walizoea kuyaendea. Mto uliwapa watu wasio na mtawala mmoja kitu cha kuamini pamoja. Kinjikitile alinyongwa mwaka huohuo, vita vilivyozuka dhidi ya Wajerumani viliendelea hadi 1907, na makadirio ya vifo, vingi vikiwa vya njaa, ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Ebrahim Hussein alilichukua tukio hilo katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969. Mhusika wake anatoka mtoni na neno linalowaunganisha watu, kisha neno hilo linamponyoka na kuwa na nguvu kuliko yeye. Mwishoni anakataa kuwaambia wapiganaji kuwa maji yalikuwa uongo, kwa sababu adui angetumia ungamo hilo kuua pia wazo la kupigania uhuru. Hussein anatenganisha dawa iliyoshindwa na umoja uliozaliwa nayo, na mto unabaki chanzo cha vyote viwili.

Pwani na mito ya peponi

Ushairi wa kale wa pwani, kwa upande wake, umejaa bahari, chombo na nahodha. Sababu si ngumu. Miji ya mawe iliishi kwa biashara ya baharini na kunywa maji ya visima. Hata shujaa Fumo Liongo, anayehusishwa na miji ya Shaka na Ozi karibu na mdomo wa mto Tana, simulizi zinasema alifia kisimani, akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mto mkubwa wa waumini wa pwani ulikuwa kwingine: Kurani inaahidi bustani zipitiwazo na mito chini yake, ikiwamo mito ya maji, maziwa, mvinyo na asali. Ahadi hiyo ilitolewa kwanza Arabuni, nchi isiyo na mto wa kudumu. Pale mto usipolisha watu duniani, unaweza kuwa thawabu ya akhera.

Mto uliofungwa

Bwawa la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na mafuriko ya kila mwaka ya Nile huko Misri yakakoma. Rufiji ulianza kuzuiwa Desemba 2022 ili kujaza Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mwaka huohuo mvua kubwa zilileta mafuriko bondeni, na mabishano yalikuwa juu ya kiasi gani cha maji kilitoka mawinguni na kiasi gani kilifunguliwa bwawani. Swali ambalo zamani lilipelekwa kwa mizimu sasa linapelekwa kwa mhandisi na kwa serikali. Kazi ya mto imebadilika, na maana yake inabadilika nayo. Anayesoma au kuandika juu ya mto leo hana budi kujua nani anaulimia, nani anauvuka, na nani ameshika ufunguo wa maji yake.